Titi lililopandikizwa likitimiza miaka kumi

Kuna ushauri unaozunguka Pwani ya Kenya miongoni mwa wanawake waliokatwa titi kwa saratani kisha wakatengenezewa jingine kwa kipandikizi, kile kifuko cha silikoni au cha maji ya chumvi: "Miaka kumi ikifika, kitoe." Husemwa kwa nia njema, hutiwa nguvu na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na humfanya mama wa mtaa wa Langoni, Lamu, asiyeumwa na chochote aanze kupima dhahabu yake kwa sonara apate nauli na gharama za kupasuliwa Mombasa.

Msimamo wetu ni kwamba umri wa kipandikizi, wenyewe peke yake, si sababu ya kupasuliwa. Vya kuangaliwa ni vitatu: kadi ya kipandikizi, picha za ndani, na dalili za mwili. Vyote vitatu vikiwa shwari, kalenda haitoshi kumlaza mtu kwenye meza ya upasuaji.

Hii kumi ilitoka wapi? Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya kusaidia gharama kwa miaka kumi, na tafiti walizotakiwa kuziwasilisha kwa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, ziliwafuatilia wanawake kwa miaka hiyo hiyo kumi. Watu wakachukua mwisho wa dhamana wakaufanya mwisho wa kifaa. Friji ikimaliza dhamana haitupwi siku ya pili yake.

Upande wa pili nao tusidanganyane: hakuna kipandikizi cha kudumu maisha. FDA ilieleza mwaka 2011 kwamba kati ya wanawake waliotengenezewa titi kwa silikoni baada ya kukatwa, hadi mmoja kwa kila wawili huhitaji kutolewa kipandikizi ndani ya miaka kumi. Kwa waliowekewa kwa ajili ya umbo tu, ni mmoja kwa kila watano. Ukiisoma nambari hiyo mbio mbio utakimbilia kisu. Isome taratibu uulize walitolewa kwa nini: kukakamaa, kupasuka, maambukizi, umbo lililokwenda upande. Tofauti ya makundi mawili nayo ina maelezo. Aliyekatwa titi hana tena nyama ya kukifunika kipandikizi. Kilichobaki ni ngozi na msuli mwembamba, mara nyingi vimepita kwenye mionzi. Ngozi ile ile ndiyo itakayofumuliwa tena kila ukirudi kupasuliwa, na kila safari huwa nyembamba zaidi. Ile methali ya ufa inafaa pale ufa unapoonekana. Mwenye nyumba ya mawe habandui lipu nzima kwa kushuku tu.

Tuanze na kadi. Kila kipandikizi hutoka kiwandani kwenye boksi lenye vibandiko vidogo: jina la mtengenezaji, modeli, namba ya kifaa, namba ya kundi, ujazo kwa mililita, na kama ganda lake ni laini au la kukwaruza. Kibandiko kimoja hubandikwa kwenye faili la hospitali, kingine hupewa mgonjwa. Wengi wetu tuliona karatasi, tukaiweka pamoja na risiti, na risiti zikaliwa na mchwa. Waliopasuliwa Nairobi au India waandike kuomba nakala ya maelezo ya upasuaji mapema, maana mafaili ya zamani huharibiwa. Malindi kuna wengine waliofanyiwa Italia. Kwenye makaratasi yao watafute neno protesi na kibandiko chenye namba kilicho karibu nalo.

Kadi inaweza kumaliza mjadala kabla haujaanza. Kama ndani kuna maji ya chumvi, huhitaji picha ya kutafuta mpasuko: kikitoboka titi hulegea ndani ya saa au siku chache, mwili ukayanyonya maji yale bila madhara. Linalobaki ni kuamua kama utaweka kingine. Kama ganda ni la kukwaruza, ndani kuwe na silikoni au maji ya chumvi, mtazame mtengenezaji. Tarehe 24 Julai 2019 Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL, kwa sababu ya limfoma, aina ya saratani ya chembe za kinga, inayoota kwenye utando wa kovu unaokizunguka kipandikizi. Wakati huo FDA ilikuwa imehesabu visa 573 duniani, na 481 kati yake vilihusishwa na vifaa vya kampuni hiyo. Hata hivyo mamlaka ile ile haikumwambia asiye na dalili akitoe. Ilimwambia ajue alichonacho na ajue dalili zake.

PIP ni habari nyingine. Kampuni hii ya Ufaransa ilijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa, vikapigwa marufuku Machi 2010, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, akahukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Serikali ya Ufaransa ilishauri wanawake wavitoe hata kama havijapasuka. Mwenye kadi yenye herufi hizo tatu asingoje dalili. Apange kuonana na daktari wa upasuaji.

Na kuna jambo moja ambalo kalenda kweli ina neno. Wapo walioachiwa kile kifuko cha kutanulia ngozi, kile kinachojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kliniki, kwa sababu hela ziliisha au matibabu ya saratani yalirefuka, na hawakubadilishiwa kipandikizi chenyewe. Kifuko hicho ni cha miezi, hakikuundwa kukaa miaka. Tundu lake la kujazia mara nyingi lina sumaku, na mwenye nacho haingii kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, kabla ya fundi kuthibitisha aina yake, kwani sumaku inaweza kusogea au kupata moto. Ukiulizwa kama una chuma mwilini, hapo ndipo pa kukitaja.

Kwenye picha ndiko pesa nyingi hupotelea. Silikoni ya siku hizi ikipasuka haimwagiki kama mafuta. Jeli hubaki ndani ya utando wa kovu, titi likawa lile lile kwa macho na kwa mkono. Ndiyo maana tangu 2020 FDA hushauri mwenye silikoni apigwe ultrasaundi au MRI mwaka wa tano au wa sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata akiwa haumwi.

Kwa mtu wa Lamu, MRI kwa kawaida maana yake ni Mombasa, kilomita kama 340 kwa barabara ukishavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara. Kwa hiyo tunaona ni busara kuanza na ultrasaundi, ila ifanywe na mtu aliyezoea matiti. Mpimaji wa mimba peke yake hatoshi. Ganda zima huonekana kama mstari safi na ndani yake kweusi tii. Likipasuka, mistari hujipanga kama ngazi. Silikoni ikiwa imevuka utando na kuingia kwenye nyama au tezi za kwapani, picha huwa kama televisheni iliyopoteza stesheni. Picha ikiwa safi na dalili hakuna, unaweza kurudi nyumbani. Ikiwa na shaka, sasa MRI ina maana.

Hapa pana kosa linalowagharimu wengi. MRI ya titi iko ya aina mbili. Ya kutafuta saratani huhitaji dawa inayochomwa kwenye mshipa. Ya kukagua kipandikizi haihitaji dawa hiyo. Inahitaji mashine ipangwe kuitofautisha silikoni na maji na mafuta. Daktari akiandika tu "MRI ya matiti", mgonjwa hulipia dawa asiyoihitaji, tena anaweza kurudi na majibu yasiyosema lolote juu ya ganda. Kabla hujatoka kwa daktari hakikisha fomu imeandikwa: kuangalia kama kipandikizi ni kizima, bila dawa ya mshipa, kwa mpangilio wa silikoni. Ndani utalala kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye matundu mawili ya kitanda, mikono mbele, bila kujitikisa kwa takriban nusu saa au zaidi. Ganda lililopasuka na kujikunja huonekana likielea ndani ya jeli kama tambi kwenye sufuria, na wataalamu wenyewe huiita alama ya tambi.

Mamogramu, yaani eksirei ya titi, si kipimo cha mpasuko uliofichika ndani ya utando. Kazi yake ni kulilinda titi la pili, lile la asili, na hilo lisisahauliwe kwa sababu akili zote ziko kwenye kipandikizi.

Majibu yakisema kimepasuka, ushauri wa kawaida ni kukitoa. Lakini si dharura ya usiku huu. Una wiki kadhaa za kutafuta daktari mzuri, kushusha sukari, kupanga nani atabaki na watoto.

Dalili za mwili zinataka kusomwa kwa utulivu. Kukakamaa ndiko kwa kwanza kuwafikisha watu kliniki: utando wa kovu hujikaza ukakibana kipandikizi. Madaktari hupima ukakamavu huo kwa madaraja manne yaitwayo ya Baker. La kwanza ni titi laini, la pili ni gumu kidogo ukiligusa, la tatu ni gumu na umbo limeshabadilika, la nne linauma. Mazungumzo ya kupasuliwa kwa kawaida huanza kwenye la tatu. Aliyepigwa mionzi huwa kwenye hatari kubwa zaidi, na yeye ndiye asiyefaa kubadilishiwa kipandikizi tu. Kuingiza kipya ndani ya ngozi ile ile iliyokakamaa kwa mionzi ni kununua tatizo lile lile kwa bei mpya. Kwake jadili kuleta nyama yake mwenyewe, ya mgongo au ya chini ya tumbo, ngozi yenye damu ya kutosha iingie pale.

Titi lililovimba ghafla, limejaa maji, zaidi ya mwaka mmoja baada ya upasuaji, lisikandwe wala lisipewe dawa za kumeza za wiki mbili mbili. Maji yatolewe kwa sindano chini ya ultrasaundi ili kipandikizi kisitobolewe, na yale ya kwanza kabisa yapelekwe maabara, maana ndiyo yanayobeba chembe nyingi. Mililita 50 ni kiasi kizuri. Fomu itaje kipimo cha CD30, kinachotumika kuitafuta ile limfoma tuliyoitaja kwenye habari za BIOCELL. Tunalisisitiza hili kwa sababu kosa la kawaida ni kuyavuta maji, mgonjwa akapata nafuu, maji yakamwagwa kwenye sinki. Yanaporudi, kipimo kinakuwa kigumu zaidi. Limfoma hii ikikamatwa mapema, mara nyingi hupona kwa kukitoa kipandikizi pamoja na utando wote.

Uvimbe mgumu kwenye kovu au kwapani? Usikubali kuambiwa "ni silikoni tu" mpaka nyama itolewe kidogo ipimwe. Silikoni kwenye tezi hujifananisha na saratani, na saratani hujifananisha na silikoni.

Halafu kuna maumivu ya viungo, uchovu na kusahau. Wapo wanawake wanaoeleza kwamba haya yaliwapungua baada ya kutolewa vipandikizi, na kuwapuuza ni utovu wa adabu. Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha, kwa hiyo kwanza yaondolewe mengine: upungufu wa damu, tezi ya shingo, na dawa anayomeza. Anastrozole na letrozole, vidonge wanavyopewa wengi baada ya saratani ya titi, huumiza viungo kwa kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kufungua chupa. Ni hasara kutoa kipandikizi ukakuta mkosaji alikuwa kwenye kisahani cha dawa.

Na wengine shida yao haimo kwenye kipandikizi hata kidogo. Titi la asili huanguka na umri, hunenepa na mwili. Lililopandikizwa hubaki pale pale lilipowekwa. Baada ya miaka kumi na tano yanakuwa kama ya watu wawili. Kipande cha sponji ndani ya sidiria kinaweza kulimaliza hilo kwa bei ya vitumbua vya asubuhi, na chini ya buibui hakuna ajuaye.

Tuseme sasa ushahidi upo na kipandikizi lazima kitoke. Swali linalorukwa ni hili: je, kuna ulazima wa kurudisha kitu? Madaktari wengi huanza na "tuweke saizi gani". Sisi tungeanza na umri wa mwenye mwili. Mama wa miaka 72, mwenye kisukari na presha, akikitoa na kufungwa kifua bapa vizuri, bila ngozi inayoning'inia, anapasuliwa mara moja na habari imekwisha. Anayetaka umbo atavaa titi la bandia la nje. Mwanamke wa miaka 45 anaweza kuchagua kipandikizi kipya, akijua si cha mwisho; akijaliwa kufika 80, huenda akakutana na kisu mara mbili au tatu zaidi. Kifua bapa kisiitwe kushindwa. Ni uamuzi wa kitabibu kama mwingine, na mume au mama mkwe si watia sahihi wa ile fomu.

Akichagua kipya, achague ganda laini. Na aulize jambo ambalo hospitali nyingi hazilitaji mpaka uulize: je, kutawekwa utando wa kushikilia kipandikizi, na umetokana na nini? Baadhi ya tando hizo hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, nyingine ya ng'ombe, nyingine ya binadamu aliyefariki. Kwa Mwislamu wa Lamu au Malindi hilo si dogo. Jibu la dini ataliuliza kwa anayemwamini, lakini alipate kabla ya kutia sahihi, maana ukishalala huna sauti.

Upasuaji wenyewe hupitia kovu la zamani na mara nyingi huchukua saa moja hadi mbili. Dawa ya kuzuia maambukizi huingizwa kwenye mshipa ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Siku hizi wengi wanakuja wakidai utando wote utolewe mzima pamoja na kipandikizi kwa sababu wamesoma hivyo mitandaoni. Kwa limfoma, sawa kabisa. Kwa utando mwembamba ulioshikamana na mbavu, kuukwangua wote kunaweza kutoboa ngozi ya mapafu, hewa ikaingia kifuani. Mwachie daktari aache kipande kilichonatia mbavuni. Unachopaswa kukidai ni kwamba kilichotolewa kipelekwe maabara na kipandikizi cha zamani kipigwe picha upande wenye namba.

Kabla ya hapo: sigara iachwe angalau wiki nne, sukari iwe imetulia, na orodha kamili ya dawa ifike kwa daktari wa usingizi, pamoja na aspirini, tamoxifen (kidonge cha saratani ya titi), na vile vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya habasoda ambavyo watu hawavihesabu kuwa dawa. Kuhusu pesa, omba mchanganuo ulioandikwa: daktari, usingizi, chumba cha upasuaji, kipandikizi kimoja au viwili, maabara, kitanda. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, isidhaniwe kuwa italipa tu. Ombi la idhini liwasilishwe kabla, likieleza kwamba ni mwendelezo wa matibabu ya saratani na si urembo.

Kurudi nyumbani ndiko wengi hukuharibu. Utatoka na mrija mmoja au miwili ya majimaji. Kila saa 24 mtu apime kilichotoka aandike kwenye daftari. Kikishuka chini ya mililita 30 siku mbili mfululizo, kwa kawaida mrija hutolewa. Mpaka hapo kaa Mombasa kwa jamaa. Aliye Malindi ana kilomita 120 tu za lami, aweke mto mdogo kati ya mkanda wa gari na kifua. Anayerudi Lamu ana basi la saa nyingi, halafu boti, na hatari ya boti ni ngazi ya gati: mkono ukinyoosha kujivuta juu, msuli wa kifua ndio unaofanya kazi na nyuzi ndizo zinazopasuka. Apandishwe kwa kushikwa kiunoni. Anayetoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, kama hali inaruhusu kungoja, asipange upasuaji wakati wa upepo mkali wa kusi.

Nyumbani, wiki nne hadi sita, hakuna ndoo ya maji, hakuna mjukuu begani, na hakuna kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Kazi hiyo hutumia msuli wa kifua kuliko watu wanavyodhani, na kipandikizi kilicho chini ya msuli huo husukumwa kabla utando mpya haujakishika. Wekundu, joto, homa, au upande mmoja kufura ghafla siku mbili za mwanzo ni simu kwa daktari usiku huo huo. Maji ya chumvi na mafuta ya nazi yabaki jikoni.

Kibandiko kipya kikifika mkononi, kipigwe picha kwa simu ya mtoto na kiwekwe bahasha moja na cheti cha kuzaliwa. Kama ni silikoni, andika nyuma yake mwaka wa ultrasaundi ya kwanza: mwaka wa upasuaji, jumlisha tano.